Kutoka Chukwani Mpaka Mkutano wa Madaktari Wapasuaji

Wengi wenu mnaisikia Chukwani kwa jina tu. Ni kijiji kilichoko kusini ya mji wa Unguja, katika pwani ya magharibi ya kisiwa, si mbali na kiwanja cha ndege. Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alijenga hapa jumba la kifalme kando ya bahari, na sifa kubwa ya mahali penyewe ilikuwa hewa yake. Mtu wa jumba la mjini akidhoofishwa na homa aliletwa Chukwani kupunga upepo mpaka nguvu zimrudie. Sehemu kubwa ya jumba hilo haipo tena. Siku hizi jirani zetu ni Baraza la Wawakilishi, na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1998 kwa juhudi za marehemu Dakta Abdulrahman Al-Sumait, tabibu wa Kuwait, ambacho sasa kinaitwa kwa jina lake.

Tumeanza na khabari za jumba kwa sababu moja. Sultani yule, pamoja na mali yake yote, alipougua tumboni au kifuani hakuwa na mengi ya kufanya ila kuhama mahali, kunywa dawa na kungoja. Leo mtoto wa mvuvi wa Chukwani akishikwa na kidole tumbo usiku, hupelekwa mjini, hulazwa kwa dawa ya nusukaputi, hupasuliwa, na baada ya siku chache mama yake anamwona amekaa kitandani anaomba uji. Baina ya Sultani yule na mtoto huyu pana elimu kubwa, na elimu hiyo haikushuka kwa mvua. Ilipita kutoka mikono ya watu kwenda mikono ya watu, na mara nyingi ilivuka bahari. Namna inavyopita ndiyo tunayotaka kuieleza, kama tulivyoiona kwa macho yetu Kampala katika mwezi wa Disemba 2019.

Sababu ya safari yetu ilikuwa hii. Kijana mmoja wa hapa kijijini, aliyesoma Kurani katika chuo chetu, alikwenda skuli, akawa daktari, kisha akaongeza miaka 5 ya kujifunza upasuaji. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa Kampala, na waliofuzu wangevishwa majoho huko huko mbele ya mkutano wa wapasuaji wa kila mwaka. Baba yake ni mvuvi, mtu mzima ambaye hakupata kutoka nje ya visiwa hivi ila kwenda Tanga na Dar es Salaam. Alitujia baada ya sala ya alasiri akasema, “Maalim, wewe ndiwe uliyemshika kidole juu ya alifu. Twende wote tukamwone alipofika.” Hatukuwa na la kukataa.

Siku mbili kabla ya kuondoka tulikuwa barazani pa msikiti, na mzee mmoja, alipopata khabari ya safari yetu, akakunja uso. Mjukuu wake alikuwa apasuliwe ngiri, na siku yake ikaahirishwa juma zima kwa kuwa mpasuaji wa hospitali aliyopangiwa alikuwa amesafiri kwenda mkutanoni ng’ambo. Akatuuliza, “Maalim, mtu akishakuwa daktari, huko anakwenda kusikiliza nini tena? Na wagonjwa anamwachia nani?” Haya ni masuala mawili, wala si ya mtu mjinga. Tuliondoka nayo.

Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, na kutoka hapo tukapanda ndege mpaka Entebbe, ambako ndege huteremka karibu kabisa na ziwa kuu la Nyanza. Mwenzetu mvuvi alikaa dirishani akatazama maji yale yasiyokuwa na mwisho, na tulipofika chini suali lake la mwanzo lilikuwa kama yana chumvi. Alipoambiwa hayana chumvi, wala hayajai na kupwa kama yetu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa mvuvi wa hapa hana saa. Kutoka Entebbe mpaka Kampala ni mwendo wa kilomita 40 hivi. Mji wenyewe umekaa juu ya vilima, barabara zake zinapanda na kushuka, na pikipiki zinapita katikati ya magari kama samaki katika matumbawe. Juu ya kilima cha Kampala ya zamani uko msikiti mkubwa ambao mnara wake unaonekana kutoka mbali, na hapo tuliswali adhuhuri siku ya kwanza.

Sasa tueleze mkutano wenyewe. Wapasuaji wa nchi zetu hawakuanza jana kukutana. Chama cha Wapasuaji wa Afrika ya Mashariki kiliundwa mwaka 1950, wakati wapasuaji wenyewe walikuwa wachache na wengi wao wageni. Mwaka 1999 kikaanzishwa Chuo cha Wapasuaji wa Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini, kinachojulikana kwa herufi zake COSECSA, na makao yake yako Arusha. Ajabu ya chuo hiki ni kwamba hakina madarasa ya mawe. Mwanafunzi hujifunza ndani ya hospitali za nchi za jumuiya hiyo, chini ya mpasuaji mkubwa, akimtazama, akimshikia, kisha akipasua mwenyewe huku anatazamwa. Wanachama wake wametoka Ethiopia na Sudan mpaka Namibia na Msumbiji. Mwisho wa mwaka watahiniwa hukusanyika katika mji mmoja, wakahojiwa uso kwa uso na wakubwa wao waliotoka nchi mbali mbali, na baada ya mtihani hufuata mkutano.

Kwa mtu wa chuo cha Kurani mpango huu si mgeni. Sisi nasi tulisoma hivyo hivyo, ubao kwa ubao, mbele ya mwalimu, na hakuna aliyeitwa msomi kwa kuwa na msahafu nyumbani kwake.

Tuliruhusiwa kukaa nyuma ya ukumbi. Mazungumzo yalikuwa kwa Kiingereza, na kijana wetu alitufasiria yaliyotupita. Tulidhani tutasikia watu wakijisifu. Tuliyoyasikia ni mengine. Mpasuaji alisimama, akaeleza wagonjwa aliowatibu kwa njia fulani, wangapi walipona, wangapi vidonda vyao viliharibika, wangapi walikufa, na kwa nini anadhani walikufa. Kisha wenzake wakamuuliza bila ya haya: kwa nini hukufanya hivi? Ulingoja saa ngapi? Damu ilikuwapo? Yeye akajibu, na penye udhaifu akakubali. Mwenzetu mvuvi alitunong’oneza, “Maalim, hawa wanahesabu majahazi yaliyozama.” Tukamwambia ndiyo, na kila nahodha aliyeko hapa atajua mwamba uko wapi.

Na hilo ndilo jawabu la suali la kwanza la mzee wetu. Wenye kuhifadhi Kurani wanajua kwamba mtu akijisomea peke yake miaka miwili, kosa dogo huingia katika ulimi wake, likakaa, likawa ndilo sahihi kwake. Hatalisikia mpaka asome mbele ya mwenziwe. Mpasuaji aliye peke yake katika hospitali ya kisiwani ni kama huyo. Wagonjwa wake hawawezi kumsahihisha, na wasaidizi wake wamejifunza kwake. Hana budi aende akasomeane na wenziwe, ili mkono wake usizoee kosa.

Pana mfano uliotufurahisha kwa kuwa umetoka katika nchi yetu. Mnamo 2007 na 2008 Shirika la Afya la Dunia lilijaribu jambo jepesi katika hospitali za miji 8 duniani, na mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, katika Mkoa wa Morogoro. Ni karatasi moja yenye mambo 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla mgonjwa hajalazwa kwa nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatolewa chumbani. Jina lake ni nani? Anapasuliwa wapi, kulia au kushoto? Damu ipo? Vitambaa na sindano zimehesabiwa? Jumla ya wagonjwa waliotazamwa, kabla na baada ya karatasi kuanza kutumika, ni zaidi ya 7,600. Matokeo yalipotolewa Januari 2009, vifo vilikuwa vimepungua kutoka 1.5 katika kila wagonjwa 100 mpaka 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 mpaka 7. Hapakununuliwa mtambo wa mamilioni. Madaktari waliokubali kuulizana yale waliyodhani kila mtu anayajua ndio waliookoa watu, na madaktari wa London na Seattle walijifunza pamoja na wa Ifakara.

Na Kampala yenyewe ina kisa chake, ambacho kijana wetu alitusimulia jioni tulipokuwa tunatembea. Katika hospitali ya Mulago alikuwapo mpasuaji wa Kiairishi, Denis Burkitt. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote mbili, na muda si mrefu akamwona mwengine kama yeye. Hakusema ni bahati mbaya tu. Akatafuta, akaandika, na mwaka 1958 akatangaza aina hiyo ya saratani ya watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliingia garini, wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali wapi uvimbe huo unaonekana na wapi hauonekani. Na mwezi wa Machi mwaka huo huo, kabla ya safari ile ya gari, alikuwa London, akaeleza jambo lake mbele ya madaktari katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo mchunguzi mmoja kijana, Michael Epstein. Maneno ya saa moja yakamgeuza kazi yake. Akaomba vipande vya uvimbe vipelekwe kwake kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye na wenzake, Achong na Barr, wakatangaza kirusi walichokiona humo, ambacho kilikuja kujulikana kuwa ni cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Watoto wenye maradhi hayo, ambao zamani waliagwa, wengi wakawa wanapona kwa dawa.

Tazameni basi: kama daktari yule wa Mulago angesema wagonjwa wangu wengi, siendi popote, na kama kijana yule wa London angesema huyu ametoka Afrika, atatuambia nini, jambo lingekaa pale pale.

Wala elimu hii haina upande mmoja wa kutokea. Msomaji wetu asidhani kuwa kupasua ni kitu kilichozaliwa Ulaya kikaletwa kwetu kama zawadi. Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyeishi karibu na Qurtuba katika Andalusi na kufariki mnamo mwaka 1013, aliandika Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, yenye picha za vyombo karibu 200. Kikafasiriwa Toledo kwa Kilatini katika karne ya kumi na mbili na Gerard wa Cremona, na madaktari wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi. Leo katika hospitali yetu ya Mnazi Mmoja kipo kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Valencia, Hispania, na wapasuaji wa huko huja kufanya kazi na kufundisha vijana wetu. Elimu iliyoandikwa kwa Kiarabu katika ardhi ile ilizunguka dunia miaka elfu, na hii sasa imefika bandarini kwetu.

Siku ya majoho kijana wetu aliitwa jina lake. Baba yake hakupiga makofi kama wengine. Alikaa mikono juu ya magoti, machozi yakamshuka ndevuni. Baadaye, chakula kilipoandaliwa, alikuja mtu mmoja mwenye heshima zake, daktari wa nchi ya mbali, akamchukua kijana pembeni wakazungumza kwa muda. Aliporudi alitueleza bila ya kuficha. Alikuwa ameahidiwa kazi huko, hospitali yenye kila kitu, na mshahara ambao kwa mwezi mmoja unazidi anaopata nyumbani kwa miezi mingi.

Yule mzee wa bahari aliweka kikombe chini. “Mwanangu,” akasema, “mimi sina la kukukataza. Umesoma kwa taabu yako. Lakini niambie, kule unakokwenda wapo wangapi wa kazi yako?”

“Wengi, baba. Katika hospital hiyo moja pengine thalathini.”

“Na pale unapotoka?”

“Mimi nikirudi, tutakuwa wawili.”

Baba yake hakuongeza neno. Kijana akatutazama sisi, akasema, “Maalim, kurudi si taabu. Taabu ni kurudi nikakuta hakuna damu, au daktari wa nusukaputi ni mmoja na amelala hoi, au mgonjwa ameletwa siku ya nne. Mkono wangu peke yake haufai kitu.” Tukamwambia kuwa hayo ya nusukaputi ni ya wakubwa wa serikali, na tutayasema kila tukipata pa kuyasemea. Ama damu na siku ya nne, hayo ni yetu sisi watu wa majumbani, na hayo tutakwenda kuyasema.

Hapa ndipo lilipo jawabu la suali la pili. Wagonjwa anamwachia nani? Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililotoa ripoti yake katika jarida la Lancet lilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji wa salama na wa bei wanayoimudu wanapouhitaji, na kwamba kila mwaka zinahitajika operesheni milioni 143 zaidi katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Likapendekeza kila watu 100,000 wawe angalau na wataalamu 20 wa upasuaji, wa nusukaputi na wa uzazi wakihesabiwa pamoja. Kwa hiyo mzee wetu alikuwa na haki ya kulalamika. Penye mpasuaji mmoja, safari yake ni dhara kwa mtu fulani. Lakini dawa yake si kumfunga mmoja huyo asisafiri mpaka mkono wake uzoee makosa. Dawa yake ni kupatikana wa pili. Na wa pili hapatikani ila akifundishwa, na akishafundishwa akakubali kubaki. Habari njema ni kuwa wengi wanabaki: uchunguzi uliotolewa 2017 juu ya wapasuaji zaidi ya 1,000 waliohitimu katika nchi za jumuiya ya COSECSA ulionyesha kuwa karibu 85 katika kila 100 walikuwa bado wanafanya kazi katika nchi waliyojifunzia.

Kijana wetu naye ni katika hao. Alirudi. Mkutano ulipofanyika Windhoek, Namibia, mwaka 2022, mwenziwe alisafiri na yeye akashika kazi. Mwaka uliofuata mkutano ukawa Addis Ababa, naye akasafiri, mwenziwe akashika. Hakuna mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya safari hizo.

Sasa tuwaambie wasomaji wetu lile tuliloahidi. Mtu akisikia tumbo limekaza upande wa kulia chini, na homa, na kutapika, asikandwe wala asinyweshwe dawa ya kuharisha. Apelekwe hospitali siku ile ile. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani, kisha ikakataa kurudi na ikauma, haingoji asubuhi. Mtoto aliyeungua kwa maji ya moto amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala unga, kisha apelekwe. Mama mjamzito mwenye kutoka damu asiambiwe avumilie. Na kuhusu damu ya kutia: mwanamume mwenye afya, wa miaka 18 mpaka 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Haipunguzi nguvu zake kwa siku nyingi, na mwili wake unairudisha. Mara nyingi tunakimbilia kutoa damu akishalazwa ndugu yetu, tukahangaika usiku kumtafuta mtu wa kundi lake. Itolewe kabla, akae nayo mwenye kuihitaji ambaye hatumjui.

Katika chuo chetu hapa Chukwani tumeafikiana na wazee wa wanafunzi kuwa kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi ya kwanza, wanaume wenye afya huondoka pamoja kwa gari moja kwenda kutoa damu mjini. Mara ya kwanza walikuwa 11. Baba yake yule kijana umri umempita, hawamkubali, lakini huja nao vile vile, akawachukulia tende na maji ya kunywa. Mwenye kutaka kufanya hivyo katika kijiji chake hahitaji ruhusa yetu, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuafikisha.